Mwalimu Nyerere: Aliyeyatoa madaraka, akayachukua, kisha akayarudisha

Chole ni kisiwa kidogo mbele ya Utende, wilayani Mafia, na kama kilivyo kila kijiji cha Tanzania Bara, kina Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana nafasi ndani yake, awe mvuvi, fundi wa majahazi, mkulima wa minazi au mama anayesuka mikeka. Kwa sheria, hakuna mwenye mamlaka makubwa zaidi juu ya mambo ya kijiji kuliko mkutano huo. Mwenyekiti yuko chini yake. Halmashauri ya kijiji iko chini yake. Mtendaji naye hujibu kwake.

Wengi wetu tumezaliwa tukaukuta utaratibu huu, tukaona ni jambo la kawaida. Lakini una umri unaojulikana, una sheria zilizouanzisha, na una mtu ambaye jina lake haliwezi kutengwa nao. Mtu huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu.

Maisha ya Mwalimu yamesimuliwa mara nyingi, hasa kila inapofika Oktoba. Leo tunayasimulia kwa upande mmoja tu: namna alivyoijaribu na kuijaribu tena serikali yake, akitafuta jinsi ya kuifikisha kwa mwananchi wa kijijini. Tumechagua upande huo kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo watafiti wa vyuo vikuu wamelichambua kwa zaidi ya miaka 50. Kiongozi aliyetaka kijiji kiwe na sauti ndiye pia aliyezifuta halmashauri za wilaya nchi nzima. Na ni yeye tena, miaka 12 baadaye, aliyezirudisha.

Mtoto wa mtemi

Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Viktoria, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo.

Wazanaki kwa asili hawakuwa na mtawala mmoja. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa rika, waliokaa pamoja na kuzungumza mpaka wakubaliane. Utemi wa namna ile uliletwa na wakoloni, waliotaka mtu mmoja wa kumpa amri na kumdai kodi. Kwa hiyo kijana Kambarage alikulia mahali penye tawala mbili kwa wakati mmoja: ya wazee waliozungumza, na ya mtemi aliyewekwa.

Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Kutoka hapo alikwenda shule ya serikali ya Tabora, kisha Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945. Alirudi Tabora kufundisha shule ya St Mary's. Mwaka 1949 alisafiri kwenda Scotland kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, akamaliza shahada yake mwaka 1952. Alikuwa miongoni mwa Watanganyika wa kwanza kabisa kusoma chuo kikuu Uingereza. Huko alisoma historia, uchumi, falsafa na sheria za katiba, yaani jinsi mataifa mbalimbali yanavyojipangia utawala wao. Kazi ya kulinganisha serikali moja na nyingine aliianza akiwa mwanafunzi, na hakuiacha tena.

Serikali iliyokuja kwa meli

Tutoke Butiama kidogo, twende Chole. Wanaoijua Chole wanayajua magofu yake, yaliyozongwa na mizizi ya miti. Baadhi ni ya wafanyabiashara wa zamani, na mengine ni ya serikali ya Wajerumani, likiwemo gereza. Wajerumani walipoichukua Mafia mwaka 1890, makao yao waliyaweka Chole. Mwaka 1913 wakayahamishia Kilindoni. Baadaye wakaja Waingereza.

Serikali iliingia Chole kwa meli, ikatoka kwa meli, na wenyeji hawakuulizwa ilipoingia wala ilipotoka. Pwani yote ilikuwa hivyo. Walikuwepo maliwali, maakida na majumbe, na kazi yao kubwa ilikuwa kuteremsha amri na kupandisha kodi. Mpaka miaka ya 1950, Mtanganyika wa kawaida hakuwa na njia ya kumwondoa mtu aliyemtawala.

Huo ndio mfumo ambao Mwalimu alikuja kuukabili. Alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, akafundisha Pugu, akamwoa Maria Gabriel Januari 1953. Mwaka huohuo akachaguliwa kuongoza chama cha TAA. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikageuka kuwa TANU. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili azunguke nchi. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru, na Mwalimu akawa Waziri Mkuu.

Kisha akafanya jambo lililowashangaza wengi. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Alitaka kukijenga chama upya na kuzungumza na wananchi. Katika mwaka huo aliandika kijitabu kiitwacho Tujisahihishe, kilichohimiza viongozi na wanachama kuyaona makosa yao na kuyarekebisha. Desemba 1962 alirudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchi nzima. Kwao Butiama, aliyekuwa na kiti cha utemi ni kaka yake, Edward Wanzagi. Kiti hicho nacho kikaenda na vingine.

Jembe na nyumba

Sasa likazuka tatizo ambalo watu hawakulitarajia. TANU ilikuwa na nguvu kiasi kwamba katika majimbo mengi hakuna aliyejitokeza kushindana nayo. Katika uchaguzi ule wa 1960, majimbo 58 yalipata mbunge bila kura hata moja kupigwa. Wananchi walikuwa na haki ya kuchagua, lakini hawakuwa na wa kuchagua.

Nchi nyingine za Afrika zilizokuwa na chama kimoja zililiacha jambo hilo lilivyo. Mwalimu aliunda tume chini ya Kawawa itafute njia nyingine. Jibu lililokuja, likaingia katika Katiba ya Muda ya mwaka 1965, lilikuwa jipya: chama kimoja, lakini kila jimbo liwe na wagombea wawili wa chama hichohicho, na wananchi ndio waamue. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kupiga kura. Wagombea wote wawili walihutubia mikutano ileile, kwa Kiswahili, na ilikatazwa kutafuta kura kwa kutumia kabila, rangi au dini.

Septemba 1965 wananchi walipiga kura, na matokeo yalionyesha kwamba hawakuwa wakicheza. Wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikuwa mmoja wao.

Hapa ndipo chuo kikuu kinapoingia katika simulizi yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Uchaguzi wa 1965 ulipofika, wanazuoni wake walikwenda majimboni kuufuatilia. Kazi hiyo ilitoka kama kitabu mwaka 1967, kikihaririwa na Lionel Cliffe. Uchaguzi wa 1970 nao ulifuatiliwa hivyo. Watafiti walitazama wagombea walipatikanaje, kampeni zilikwendaje, na wapiga kura walikuwa na hoja gani. Waliutazama pia utaratibu wa mabalozi wa nyumba kumi, na mwaka 1971 kikatoka kitabu kuhusu huo.

Watafiti hao waliona faida, na waliona mipaka pia. Mwananchi aliweza kumwondoa mbunge mvivu. Lakini hakuweza kuiondoa sera, kwa sababu wagombea wote wawili walikuwa chini ya sera moja. Na majina mawili ya mwisho yaliteuliwa na Halmashauri Kuu ya chama, si na jimbo.

Tume ya kupokea malalamiko

Jaribio la pili lilianza mwaka 1966. Nchini Sweden, tangu mwaka 1809, kulikuwa na afisa ambaye kazi yake ni kupokea malalamiko ya raia dhidi ya watumishi wa serikali na kuyachunguza. New Zealand iliuchukua utaratibu huo mwaka 1962. Tume ya Kawawa iliutazama, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kuwa na chombo cha namna hiyo. Kiliitwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Chifu Erasto Mang'enya.

Tume hiyo haikukaa Dar es Salaam kusubiri barua. Ilizunguka mikoani, ikafanya mikutano, ikawasikiliza watu kwa mdomo. Mkulima aliyenyang'anywa shamba au aliyewekwa ndani bila sababu aliweza kusimama mbele yake akajieleza. Angeweza kumshtaki hata kiongozi wa chama.

Lakini tukiilinganisha na ya Sweden, tunaiona tofauti kubwa. Kule, mchunguzi aliripoti bungeni. Huku, Tume iliripoti kwa Rais, naye ndiye aliyeamua la kufanya. Hapakuwa na wa kumchunguza Rais mwenyewe. Na ni Rais huyohuyo aliyekuwa na sheria ya mwaka 1962 iliyomruhusu kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, sheria ambayo ilitumika. Haki za raia ziliingizwa ndani ya Katiba mwaka 1984 tu. Tume yenyewe iliendelea kwa miongo mitatu na zaidi, mpaka nafasi yake ilipochukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Mwalimu na wasomi wake

Mwalimu alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu kilipojitegemea mwaka 1970 mpaka alipostaafu. Aliwapenda wasomi na kubishana nao, lakini hakuwavumilia kila mara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato ya mishahara. Zaidi ya 300 walifukuzwa siku hiyohiyo. Wakati huohuo Mwalimu alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa mwaka uliofuata. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililokataza viongozi kumiliki makampuni na nyumba za kupangisha.

Jambo hili la 1966 linaonyesha tabia moja ya Mwalimu. Alikuwa tayari kujibana mwenyewe kabla ya kumbana mwingine. Lakini uamuzi ulibaki mkononi mwake. Tabia hiyo tutaiona tena vijijini.

Ruvuma: kijiji kilichojitawala

Kusini mwa nchi, mkoani Ruvuma, kulikuwa na vijiji vilivyoanza ujamaa kabla ya serikali kuuagiza. Cha kwanza kilikuwa Litowa. Vijiji hivyo viliungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, vikiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Wanakijiji walilima pamoja na kuamua katika mikutano yao nini kilimwe na mapato yagawanywe vipi. Walianzisha pia shule ya namna yao.

Mwalimu aliwatembelea, akawapenda, na mawazo yake juu ya vijiji vya ujamaa yalichota mengi kutoka kwao. Lakini wakuu wa mkoa na baadhi ya viongozi wa chama hawakupenda vijiji visivyongoja amri. Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ilikifuta chama hicho, na mali zake zikachukuliwa. Mwalimu, aliyekuwa mwenyekiti wa TANU, hakukizuia kitendo hicho.

Waliochunguza historia ya vijiji vyetu wamelirudia tukio hili mara nyingi, na tunaona sababu. Mahali ambapo wananchi walikuwa wamegundua wenyewe namna ya kujitawala, serikali iliwaona kama hatari. Baada ya hapo, ujamaa wa vijijini ukawa kazi ya maofisa.

Mwaka 1972: halmashauri zinafutwa

Mwishoni mwa miaka ya 1960 halmashauri za wilaya zilikuwa taabani. Nyingi hazikuwa na fedha wala wataalamu wa kutosha. Kodi iliyokuwa ikizilisha ilifutwa mwaka 1969, na huduma kama shule za msingi zikachukuliwa na serikali kuu. Mwalimu aliona mambo hayaendi. Serikali iliajiri kampuni ya washauri kutoka Marekani, McKinsey, iliyozoea kushauri makampuni makubwa ya biashara, ipendekeze muundo mpya.

Muundo huo uliitwa Madaraka Mikoani, ukaanza Julai 1972. Kila mkoa na kila wilaya ilipata Mkurugenzi wa Maendeleo na wataalamu wake. Fedha ziligawiwa mikoani moja kwa moja. Lengo lilielezwa kuwa ni kuitoa serikali Dar es Salaam na kuileta karibu na wananchi. Mwaka huohuo kikaundwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, Mzumbe, kwa kuunganisha chuo cha zamani cha serikali za mitaa na taasisi ya utawala ya chuo kikuu, ili kiwafundishe maofisa wa mfumo huu. Leo ndicho Chuo Kikuu Mzumbe.

Lakini pamoja na hayo, halmashauri zilizochaguliwa na wananchi zilifutwa. Madiwani wakaondoka. Za miji nazo zikafuata.

Tuchukue mfano wa mtu wa Chole ili tuelewe maana yake. Kabla ya hapo, mkazi akitaka zahanati au banda la shule, angalau alikuwa na diwani wa kumwendea, na angeweza kumnyima kura akishindwa kazi. Baada ya 1972, ombi lake lingevuka mlango wa bahari hadi Utende, liende Kilindoni kwa Mkurugenzi, kisha livuke tena bahari kwenda bara kwenye makao ya mkoa. Kila aliyelishika njiani alikuwa mtumishi aliyeajiriwa na serikali kuu, na mkazi wa Chole hakumchagua hata mmoja. Kamati za maendeleo za wilaya zilikuwa na wajumbe kutoka kwa wananchi, lakini maneno ya mwisho yalikuwa ya wataalamu. Maofisa walikuwa wamesogea karibu. Madaraka yalikuwa yamesogea mbali.

Watafiti wa Dar es Salaam na wa nje waliliona hilo mapema. Walifafanua jambo ambalo ni rahisi kulichanganya: kuhamisha maofisa kutoka makao makuu kwenda mikoani ni kitu kimoja, na kuwapa wananchi uwezo wa kuamua ni kitu kingine. Nchi inaweza kufanya la kwanza bila kufanya la pili.

Operesheni na sheria ya vijiji

Mwaka uliofuata, Novemba 1973, Mwalimu alitangaza kuwa kufikia mwisho wa 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini. Jirani zetu wa Rufiji, ng'ambo ya Mafia, walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka bondeni baada ya mafuriko ya 1968. Sasa ikawa nchi nzima. Kwa hesabu za serikali, watu wapatao milioni 13 walikuwa vijijini ilipofika 1977. Kanuni ya awali ya Mwalimu ilikuwa kwamba watu wasilazimishwe kuingia katika ujamaa. Katika operesheni hizo, wengi walilazimishwa, na katika baadhi ya sehemu nyumba zao za zamani zilichomwa moto.

Hata hivyo, katikati ya msukosuko huo ilitungwa sheria iliyoacha kitu cha kudumu. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa chombo kinachotambuliwa kisheria. Kila kijiji kilichoandikishwa kilipata mkutano wa watu wazima wote, halmashauri ya wajumbe 25, na kamati za fedha, uzalishaji, elimu, ujenzi na ulinzi. Kijiji kiliweza kumiliki mali, kufanya mikataba na kushtaki mahakamani.

Kulikuwa na kasoro kubwa. Mwenyekiti wa tawi la chama ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji, na katibu wa tawi ndiye katibu wa kijiji. Juu ya kijiji hapakuwa na halmashauri iliyochaguliwa, ila maofisa tu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, na mkulima akabaki na mashirika ya serikali kama mnunuzi wake. Chombo cha wananchi kilikuwepo, lakini kilikuwa kimefungwa mikono.

Kuyarudisha

Mwaka 1977, Azimio la Arusha lilipotimiza miaka kumi, Mwalimu alichapisha tathmini yake. Alieleza wazi kwamba nchi ilikuwa bado haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea. Ni viongozi wachache wa wakati ule walioandika mambo ya namna hiyo kuhusu kazi yao wenyewe.

Marekebisho yalikuja polepole. Huduma za miji zilikuwa zimezorota, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili za serikali za mitaa, moja ya mamlaka za wilaya na nyingine ya mamlaka za miji, pamoja na sheria mpya ya ushirika. Madiwani walichaguliwa mwaka 1983, na Januari 1984 halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena, ya Mafia ikiwemo. Mwaka huohuo wa 1984 serikali za mitaa ziliingizwa ndani ya Katiba, katika ibara za 145 na 146, ili kuzifuta kusiwe tena jambo jepesi.

Katika mahojiano aliyoyafanya karibu na kustaafu, Mwalimu aliulizwa kuhusu makosa ya utawala wake. Alitaja mawili waziwazi: kuzifuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika. Hakuwalaumu washauri wa kigeni wala maofisa wa chini. Alisema wao ndio waliokosea, kwa kukosa subira.

Tunadhani ni hapo ambapo maisha ya Mwalimu yana funzo kwa wanaosomea utawala na kwa sisi tunaotawaliwa. Serikali yake ilijaribu mambo mengi, mengine yakafaa, mengine yakaumiza watu. Lakini kosa la 1972 lilichukua miaka 12 kusahihishwa kwa sababu halmashauri zenyewe, ambazo zingepiga kelele, hazikuwepo. Ilibidi kungoja mpaka Rais mwenyewe alione. Kiongozi msikivu ni bahati, lakini kijiji hakiwezi kuishi kwa bahati.

Miaka ya mwisho

Mwalimu alistaafu urais Novemba 1985, akakaa katika uenyekiti wa CCM mpaka 1990, na kurudi shambani kwake Butiama. Mwaka 1990 alianza kusema hadharani kwamba mjadala wa vyama vingi usiwe mwiko. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991. Wengi wa waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilika. Jengo alilolijenga mwenyewe mwaka 1965, alisaidia kulifungua milango.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St Thomas, London, kwa ugonjwa wa saratani ya damu. Alikuwa na miaka 77. Amezikwa Butiama.

Kilichobaki Chole

Sheria ya mwaka 1982 ndiyo inayoongoza vijiji mpaka leo, pamoja na marekebisho yake. Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila miezi mitatu. Ndio unaochagua mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao ni kati ya 15 na 25. Una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Sheria ndogo za kijiji hupita hapo kabla ya kupelekwa wilayani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeongeza uzito huo: halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano.

Kwa Chole, jambo hili lina bahari ndani yake. Mwaka 1995 eneo la kusini mwa Mafia, pamoja na Chole, Juani na Jibondo, lilitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya bahari nchini. Sheria ya hifadhi hizo, ya mwaka 1994, inataka halmashauri za vijiji zishirikishwe katika mipango. Wapi pavuliwe, kwa zana gani, wageni wajenge wapi na kijiji kipate nini: haya ni maswali ya riziki ya kila siku, na yote yanapaswa kupita mikononi mwa wanakijiji.

Lakini mkutano ambao watu hawaujii hauna nguvu, hata uandikwe kwenye sheria ngapi. Akidi isipotimia, mambo huahirishwa, au huamuliwa na wachache. Kwa hiyo tunamalizia na mambo ambayo msikilizaji wetu anaweza kuyafanya bila kumwomba mtu ruhusa. Uliza mkutano uliopita ulifanyika lini, na kama miezi mitatu imepita, uliza unaofuata ni lini. Omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na ibandikwe mahali pa wazi. Ukisikia ardhi ya kijiji imegawiwa, uliza muhtasari wa mkutano ulioridhia.

Mwaka 1972 hapakuwa na pa kuuliza maswali hayo. Leo papo.